Matembezi na Mbwa Karibu na Mpaka: Wajibu wa Mgeni na wa Mwenyeji

Katika somo la toleo hili tunalitazama jambo ambalo wengi hulidhania kuwa dogo, nalo ni kutembea mashambani na mbwa. Wageni wanaopita Mutukula kwa barabara, wakitoka Masaka kwenda Bukoba au wakirudi, si wote wanaolala hotelini. Wako wanaosafiri na karavani, yaani nyumba ndogo ya magurudumu inayokokotwa na gari. Hulala kambini, na kunapokucha hushuka kunyoosha miguu, na baadhi yao huwa na mbwa. Nasi wenyeji tuna mbwa wetu, wa kuchunga, wa kulinda boma na wa kufukuza ngedere. Mbwa hawa wanapokutana, ujirani wetu hutiwa katika mizani.

Tuchukue mfano. Mgeni ameegesha karavani jioni. Alfajiri anamfungua mbwa wake kamba na kushika njia ya ng'ombe. Mbwa anamwona sungura, anatimka, anawatawanya mbuzi wa kijana mchungaji, na mbuzi mmoja anavunjika mguu. Mbwa wa boma wanatoka, wanaanza kupigana. Kijana anajaribu kuwaachanisha, anang'atwa mkono, wala hajui ni mbwa yupi aliyemng'ata. Watu wanafika na fimbo. Mgeni naye anatambua kwamba hajui amesimama katika nchi ipi.

Hapa tuna mambo manne ya kujifunza, nasi tunayapanga kwa uzito wake.

La kwanza: jeraha

Kabla ya kuuliza nani mwenye kosa, mkono wa kijana uoshwe. Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vilivyomo katika mate ya mnyama mgonjwa. Dalili zikishamtokea mtu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo. Kila mwaka ugonjwa huu hukadiriwa kuwaua watu wapatao 59,000 duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huupata kwa mbwa. Lakini kabla ya dalili, kinga ipo na hufaulu.

Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Lisipakwe majivu, pilipili wala mafuta. Kisha majeruhi apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, akaanze chanjo. Sindano hutolewa kwa siku zilizopangwa, na kila moja ina kazi yake. Asiache njiani kwa sababu kidonda kimepona. Hata mkwaruzo mdogo wa jino usidharauliwe.

Tunasema wazi: msiusubiri mkono wa polisi wala karatasi yetu ndipo mwende kwa daktari. Tabibu kwanza, taarifa baadaye.

Mbwa naye asiuawe kwa hasira. Afungwe mahali salama, na daktari wa mifugo amwangalie kwa siku 10. Akibaki mzima siku zote hizo, ni ushahidi kwamba mate yake hayakuwa na virusi siku alipong'ata, na daktari anaweza kusitisha sindano zilizobaki. Akiuawa na kutupwa, ushahidi umetupwa pamoja naye. Katika mfano wetu hatujui aliyeng'ata ni yupi. Basi mbwa wote waliokuwapo wafungwe, wa mgeni na wa mwenyeji.

La pili: mpaka na hati

Upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria, mpaka wa Uganda na Tanzania hufuata mstari wa latitudo ya digrii 1 kusini, uliokubaliwa na Uingereza na Ujerumani katika mkataba wa mwaka 1890. Mstari uliochorwa kwa rula haufuati mlima wala kijito. Hupita katikati ya malisho na migomba. Kati ya jiwe moja la mpaka na jingine, mgeni hana la kumwonya. Mwenyeji anajua, kwa hiyo ni wajibu wa mwenyeji kumwambia.

Mgeni aelewe kwamba pasipoti yake haimtoshi mbwa wake. Mnyama huhitaji kibali cha kuingizwa kutoka idara ya mifugo ya nchi anayoiendea, cheti cha afya, na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Chanjo ya mara ya kwanza huhitaji wiki kadhaa kabla ya kinga kukamilika, hivyo haifai kuitafuta siku ya kuvuka. Hati hizo huonyeshwa katika kituo cha mpakani. Anayemvusha mbwa kwa njia ya panya amekosa, awe mgeni wa karavani au mkazi anayempelekea shemeji yake mbwa wa kulinda. Ugonjwa haubagui nia njema na nia mbaya.

La tatu: mifugo ya watu

Mbuzi aliyevunjika mguu ni ada ya shule au ni dawa ya mgonjwa. Mwenye mbwa ndiye anayewajibika, na neno la kwanza liwe pole, si hoja. Mapatano ya fidia yafanywe mbele ya mwenyekiti wa kijiji upande wa Tanzania, au mwenyekiti wa LC1 upande wa Uganda, yaandikwe na kutiwa saini. Wasipopatana, waje kituoni. Fidia haitozwi kwa fimbo, wala bei ya mbuzi haipandi kwa sababu mwenye mbwa amekuja na karavani.

Mgeni asidhani tunamdai jambo geni. Huko England, katika maeneo ya wazi yaliyoruhusiwa watembeaji, mbwa hutakiwa kufungwa kamba isiyozidi mita 2 tangu tarehe 1 Machi hadi 31 Julai, majira ya ndege kuatamia, na wakati wowote awapo karibu na mifugo. Kwetu mifugo iko kila mahali, basi kamba isitoke shingoni.

Ng'ombe wenye ndama nao waogopwe. Humwona mbwa kama adui, na pembe za ng'ombe wetu si za mchezo. Mtembezi azunguke mbali. Wakimjia kwa kasi, aiachie kamba, kwa maana mbwa hukimbia haraka kuliko mtu, na ng'ombe humfuata yeye.

La nne: hifadhi za wanyama

Mbwa haruhusiwi katika hifadhi za taifa, si katika Ziwa Mburo upande wa Uganda, si katika Burigi-Chato, Ibanda-Kyerwa au Rumanyika-Karagwe upande wa Tanzania. Sababu yake ilionekana Serengeti mwaka 1994, ambako ugonjwa wa distempa uliua takriban theluthi moja ya simba. Watafiti waliufuatilia hadi kwa mbwa wa vijiji vya jirani. Mbwa asiye na chanjo anaweza kuangamiza wanyama ambao yeye mwenyewe hawezi hata kuwabwekea.

Tufanye nini?

Kila mwenye mbwa amchanje kila mwaka, au kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, kichaa hukosa njia ya kuenea. Lakini upande mmoja wa mpaka ukichanja na wa pili ukalala, kazi ni nusu. Basi viongozi wa vijiji vinavyopakana wapeane habari za siku za chanjo. Wenye kambi wamweleze mgeni, tangu anapoegesha, mpaka uko wapi, mifugo hupita wapi, na zahanati iko wapi. Wachungaji wafundishwe kutowaachanisha mbwa kwa mikono. Na yeyote atakayeona mbwa anayetokwa na udenda, anayeyumba au kung'ata ovyo, atoe taarifa upesi kwa ofisa wa mifugo au kituo cha polisi kilicho karibu, awe upande wowote.

Maswali ya kujadili barazani

1. Katika mfano wetu, ni nani angeweza kuizuia ajali hiyo, na kwa kufanya nini?
2. Kutoka kijijini kwenu, ni hospitali ipi iliyo karibu yenye chanjo ya kichaa cha mbwa? Je, kila mama na kila mchungaji anaijua?
3. Kwa nini kumwua mbwa papo hapo kunaweza kumdhuru aliyeng'atwa?
4. Mbwa wenu wamechanjwa wangapi, na wa majirani zenu ng'ambo je?

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi tunaomba wapone wote wawili, na mchungaji, na mbuzi wake, na mbwa.