Kukimbia Pamoja na Wengine Katika Mji wa Ugeni

Labda una mtoto aliyekwenda Ulaya kusoma, ao wewe mwenyewe unatayarisha safari. Somo hili ni kwa ajili yako. Linaeleza mbio ambazo watu hukimbia kwa furaha na kwa afya, wala si kwa kushindana. Tutachukua mfano wa mji mmoja wa zamani, York, katika Uingereza.

1. Mji na mbio zake

Askari Waroma walijenga ngome yao York katika mwaka 71. Kuta za mawe zinazunguka sehemu ya zamani ya mji hata leo, na watu hutembea juu yake bila kulipa. Kanisa lake kubwa, York Minster, lilimalizika kujengwa mwaka 1472. Nje ya kuta hizo kuna uwanja mpana unaoitwa Knavesmire, mahali pa mashindano ya farasi. Hapo, siku ya Jumamosi, saa tatu asubuhi, watu hukusanyika kukimbia kilometa 5. Mbio hizo huitwa parkrun. Zilianza katika bustani ya Bushy Park, London, tarehe 2 Oktoba 2004, na siku ile walikimbia watu 13 tu. Leo ziko katika nchi nyingi.

Hakuna malipo. Unajiandikisha mara moja tu, nawe unapewa alama ya mistari. Unaileta kila mara, ili wakati wako uandikwe. Wazee wapo, watoto wapo, na wengine wanatembea kwa miguu tangu mwanzo hata mwisho. Tena kuna mtu mmoja aliyewekwa kutembea nyuma ya wote. Kazi yake ni kuwa wa mwisho, ili asiwepo mwingine wa kuona haya.

2. Faida yake

Nyumbani ulikwenda shambani, ulichota maji, ulipanda kilima. Ulaya unakaa kitini mchana kutwa, unapanda basi, na jua linashuka mapema wakati wa baridi. Mwili unanenepa, usingizi unapotea, na moyo unahuzunika kwa upweke. Upweke nao unadhoofisha afya. Mtu anayekimbia ao kutembea kila juma anasaidia moyo wake, damu yake na usingizi wake. Na mwisho wa mbio watu hunywa chai pamoja. Mgeni asiyejua mtu anapata wa kumsalimu kwa jina.

3. Kwanza ujue mwili wako

Usikimbie kabla ya kujua hali yako. Ukiwa York, jiandikishe kwa munganga wa mtaa. Kujiandikisha hakuombi malipo. Umwombe akupime tansio. Mtu anaweza kuwa na tansio ya juu miaka mingi bila kusikia maumivu hata kidogo.

Umwambie pia habari za damu yako. Mwenye ugonjwa wa SS asiingie mbio bila shauri la munganga, maana baridi, kiu na uchovu vinaweza kuamsha maumivu makali. Mwenye AS kwa kawaida ni mzima, lakini aanze polepole, anywe maji, na apumzike mara moja akisikia udhaifu usio wa kawaida. Mwenye pumu achukue dawa yake ya kuvuta, kwa sababu hewa ya baridi inaweza kufunga kifua.

4. Homa si mafua tu

Sikiliza neno hili kwa uangalifu. Ukiwa na homa, usikimbie. Na kama ulitoka Kongo karibuni, usiseme, “Ni baridi ya Ulaya tu.” Malaria inaweza kukufuata safarini na kuonekana majuma mengi baada ya kufika. Nenda kwa munganga siku ile ile, umwambie waziwazi: “Nimetoka katika nchi yenye malaria.” Waganga wa kule hawaioni malaria kila siku, wasipojua ulikotoka, wanaweza kuchelewa kupima damu, na kuchelewa kunaweza kuua.

Ujue tena kwamba mtu akikaa Ulaya muda mrefu, nguvu ya mwili wake ya kupigana na malaria inapungua. Kwa hiyo akirudi kusalimia wazazi, alale ndani ya chandarua, na amwulize munganga juu ya dawa za kujikinga.

5. Namna ya kuanza

Majuma ya kwanza, kimbia dakika moja, kisha tembea dakika mbili. Ukiweza kusema na mwenzako maneno kamili, mwendo wako ni mzuri. Ukishindwa kusema, punguza. Usimfuate kijana aliyezoea miaka mitano. Vaa nguo mbili ao tatu nyepesi badala ya koti moja zito, ukivua moja mwili ukipata joto. Viatu viwe vya kukaa vema mguuni. Si lazima viwe vya bei kubwa. Barabara ikiwa na barafu, baki nyumbani.

6. Dalili za hatari

Simama mara moja ukisikia maumivu ya kifua, hasa yakienda mkononi ao katika taya, ukisikia kizunguzungu, ao pumzi ikikosa kurudi hata ukipumzika. Usione haya. Waambie waliosimama njiani. Katika Uingereza namba ya kuita msaada wa haraka ni 999.

Kumbuka: kilometa 5 zitakuwapo Jumamosi ijayo pia. Anayesimama leo kwa akili ataweza kukimbia kesho. Anayejilazimisha mbele ya macho ya watu anaweza kuanguka, na jamaa yake walio mbali watapokea habari ya msiba.

Maulizo

1. Kwa nini mtu mmoja anatembea nyuma ya wote?
2. Mambo gani utamwambia munganga kabla ya kuanza kukimbia?
3. Mtu aliyetoka Kongo akipata homa Ulaya, atamwambia munganga neno gani?
4. Taja dalili tatu zinazokuamuru kusimama.