Trekta Kuukuu na Mafuta Yasiyofaa

Ikiwa unaishi hapa Kilimani nawe una trekta kuukuu mashambani, huenda maagizo yako huyatoa kwa simu. Je, unajua injini yake hutumia nini? Massey Ferguson 135, kwa mfano, iliundwa ya dizeli na ya petroli pia. Wengine walichanganya dizeli na mafuta taa kwa kufuata bei, hata serikali ikaweka tozo la shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa mwaka 2018.

Mafuta yasiyofaa yakishatiwa, dereva hutumbukiza mpira tangini na kunyonya kwa mdomo. Hapo ndipo kazi yetu madaktari huanza. Funda moja la petroli au mafuta taa likipotea njia huingia mapafuni na kuleta nimonia ya hatari. Mnunulie pampu ya mkono.

Aliyemeza asitapishwe kamwe, wala asilazimishwe kunywa maziwa. Akitapika, mafuta hupita kooni tena na kuweza kuingia mapafuni. Mvue nguo zilizolowa, umpeleke hospitali. Hata asiyekohoa huchunguzwa kwa saa 6 hivi, kwani dalili zaweza kuchelewa.