Kivumbasi hakichukui nafasi ya chandarua

Somo letu leo ni kivumbasi, mmea tunaoupita kila siku kandokando ya njia za Handeni na katika mashamba yaliyolazwa huko Korogwe.

Kivumbasi ni ndugu wa mrehani. Kile kirefu hufikia mita 1 hadi 2. Shina lake lina pembe 4 na sehemu ya chini hukomaa ikawa kama mti. Majani yana meno pembezoni, na mara nyingi hunukia karafuu kwa sababu mafuta yake yana eujenoli, ambayo imo pia katika karafuu. Maua ni madogo, meupeupe, yamejipanga juu ya kikonyo kilichosimama. Hupenda jua na ardhi iliyokwisha kufyekwa. Huota kwa mbegu, na hata tawi likichomekwa wakati wa masika hushika.

Wazee wetu hufukiza majani yake juu ya makaa ili kufukuza mbu. Hawakukosea. Utafiti wa magharibi ya Kenya uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kuwa mimea hai ya jamii hii, ikiwekwa ndani ya vyungu, hupunguza mbu wanaoingia nyumbani. Huwapunguza, lakini haiwamalizi. Tena makaa yakizimika saa 5 usiku, mbu wa malaria bado ana kazi mpaka alfajiri.

Hapo ndipo penye hatari. Zaidi ya mara moja nimempokea mtoto mwenye homa ya siku 3, amelegea, mwili wote ukinukia kivumbasi. Mama alimpenda mwanawe, akamwogesha na kumfukiza, lakini siku zilipita. Kivumbasi hakiui vijidudu vya malaria vilivyokwisha kuingia katika damu.

Basi tuzingatie haya:

1. Panda kivumbasi karibu na mlango na dirisha, lakini lala ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku.
2. Usifukize chumba alimolala mtoto mchanga au mgonjwa wa pumu. Moshi huumiza mapafu.
3. Mtoto akipata homa, apimwe damu siku hiyo hiyo. Akipata degedege, akishindwa kunyonya au akitapika kila kitu, usingoje hata saa moja.

Kutafuta tiba mapema ni katika kutunza amana ya Allah (S.W.), na watoto ni amana.

Wabillahi tawfiq.