Dondoo muhimu: Kulainisha bakuli lililokerezwa

Noa patasi kwanza, upitishe mkato mmoja mwembamba wa mwisho. Nyuzi za mbao zilizochanika, ambazo hujitokeza pande mbili zinazokabiliana ndani ya bakuli, ni kazi ya patasi. Ukizikimbiza kwa msasa utachosha mkono na kuharibu umbo.

Ondoa kiegemeo cha patasi, punguza mwendo wa mashine ya kukereza, anza na msasa namba 120, kisha 180, 240 na 320. Usiruke namba: mikwaruzo hujificha kwenye mbao kavu, ikaja kukuumbua ukishapaka mafuta. Kabla ya 320, pitisha kitambaa kibichi, mashine ikiwa imezimwa. Vinyweleo vya mbao vitasimama; vikikauka, vikate kwa msasa huo wa 320. Vumbi la mbao kama mvule huwasha pua na ngozi, kwa hiyo vaa barakoa.

Kwa bakuli la chakula, mafuta ya nazi yanafaa ila hayakauki. Utapaka tena na tena. Mimi napendelea mafuta ya kitani yasiyotiwa dawa ya kukaushia, tabaka jembamba, yanayobaki yafutwe. Kukauka kwake huchukua siku kadhaa, hata wiki. Tambara lililolowa mafuta hayo usilikunje: hupata joto lenyewe na laweza kuwaka. Litandaze nje.