Fundisho juu ya Mtoto wa Kupanga na Kitanda Chake

Wapendwa wakatekumeni, katika sala ya Baba Yetu twamwita Mungu Baba. Kwa haki gani? Mwana wa Mungu kwa asili ni mmoja tu, Bwana wetu Yesu Kristu. Ninyi mtakuwa wana siku ya Ubatizo, si kwa kuzaliwa bali kwa kupangwa, kama Paulo Mtakatifu alivyowafundisha Wagalatia na Waroma. Neno hili huwa gumu kwa wengi. Basi tulitazame nyumbani mwetu, kwa maana huku Beni na Butembo yatima si wachache. Mauaji yaliyoanza katika nchi ya Beni mwezi wa Oktoba 2014, na Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 hata ikaisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu zaidi ya 2,200, yaliwaacha watoto wengi bila baba wala mama.

Tufanye mfano. Seremala mwenye watoto watatu analeta nyumbani binti yatima wa miaka minane. Mkewe anampa chakula na nguo. Lakini usiku wale watatu hulala kitandani, naye hulala mkekani jikoni. Asubuhi ndiye wa kwanza kutumwa maji.

Swali: Je, binti huyu amepokewa kuwa mtoto?
Jibu: Hapana. Amepokewa kuwa mtumishi, hata kama hapigwi wala hashindi na njaa.

Baba huyo ana msumeno, randa na patasi. Basi amtengenezee kitanda, wala kisiwe cha mabaki ya mbao. Kiwe cha mti ule ule na kimo kile kile kama vya ndugu zake, kwa maana mtoto mgeni hupima kila kitu kwa macho, asiseme neno. Akitumia mkaratusi wa vilima vyetu, asishike mbao mbichi: zikikauka hupinda na kupasuka. Azipange kivulini, aweke vijiti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, angoje. (Siku hizo za kungoja binti alale pamoja na dada zake, si jikoni!) Tena asitegemee misumari peke yake, achonge ulimi wa ubao mmoja uingie barabara katika tundu la mwingine. Kazi hiyo ni ya polepole, na ni vema iwe hivyo, kwani binti aweza kushika ncha ya ubao, kusugua kwa msasa na kuuliza maswali. Maseremala wengi hawapendi watoto karibu na patasi. Mara hii wavumilie. Yosefu Mtakatifu, Baba Mlishi, hakumzaa Yesu, lakini watu wa Nazareti walimwita Yesu mwana wa seremala.

Sasa jina. Kwa Wanande jina huonyesha nafasi ya kuzaliwa: mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, msichana wa kwanza Masika. Itakuwaje binti akija naye ni Masika, na nyumba ina Masika wake? Wengine humbadilisha jina. Mimi sikubali. Jina lile ndilo aliloachiwa na wazazi wake. Mordekai alimtwaa Esta yatima awe binti yake, hata hivyo Maandiko Matakatifu hayakulificha jina la Abihaili aliyemzaa. Masika wawili na watofautishwe kwa majina yao ya Ubatizo.

Swali: Je, yatosha kumpenda?
Jibu: Haitoshi. Jambo lipelekwe mbele ya Mahakama ya Watoto. Sheria ya Jamaa ya Kongo, ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, humhesabu mtoto wa kupanga kuwa mtoto kweli wa aliyempanga. Hurithi pamoja na wengine, wala hapotezi ukoo wake wa kwanza. Bila hukumu hiyo, baba akifa, wajomba na baba wadogo waweza kumfukuza pamoja na kitanda chake.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 huwakubali kuwa watoto wale waliopangwa kwa sheria ya nchi, na huweka kizuizi cha ndoa kati yao na ndugu zao wa nyumba hiyo. Basi kijana wa nyumba asije akasema, "Huyu si dada yangu wa damu," akamposa.

Wenye shauri kama hili wamwendee katekista wao mapema, kabla ya mtoto kubatizwa, wachukue hati ya mahakama na majina ya wazazi wa kwanza, ili Padri ayaandike sawasawa katika kitabu cha Ubatizo.