TAKA ZA NYUMBANI: ZITENGWE JIKONI, SI JAANI
Somo kwa kila mwenye nyumba, wa mjini na wa shambani

Kila nyumba inayopika chakula hutoa taka. Si aibu kuwa na taka. Aibu ni kuziacha zimdhuru jirani. Katika somo hili twaeleza sheria za Kenya zasema nini juu ya taka za nyumbani, sababu ya sheria hizo, na kazi impasayo kila mwenye nyumba. Msomaji akikumbuka jambo moja tu, na liwe hili: taka hutengwa jikoni, siku ile ile zinapotoka. Zikisha kuchanganyika pipani, hakuna mashine wala mfanyakazi wa jaani awezaye kuzitenga vizuri tena.

SHERIA ZASEMA NINI

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya kuishi mahali safi pasipodhuru afya yake. Lakini haki haiji peke yake. Kifungu cha 69 chamwekea kila mtu wajibu wa kushirikiana na Serikali na watu wengine katika kuyalinda mazingira. Kazi yenyewe ya kuondoa takataka, pamoja na kutunza majaa, imewekwa na Katiba mikononi mwa Serikali za Kaunti.

Kanuni za taka za mwaka 2006 zakataza mtu ye yote kutupa taka barabarani, njiani, katika viwanja vya kupumzikia au mahali po pote pa watu wote, isipokuwa katika chombo kilichowekwa kwa kazi hiyo. Tena, achukuaye taka kwa gari sharti awe na leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Kusimamia Mazingira, yaani NEMA.

Tangu tarehe 28 Agosti 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku. Adhabu iliyotangazwa ni kali: faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 4.

Mwisho yaja Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022. Sheria hii yaagiza taka zisizo za hatari zitengwe mafungu mawili, yaani zinazooza na zisizooza, na kila fungu liwekwe katika chombo chake chenye alama na rangi yake. Mchukuzi naye apaswa kuzichukua zikiwa zimetengwa vivyo hivyo.

Kila Kaunti yaweza kuongeza sheria zake ndogo, kama vile siku za kukusanya na ada ya kulipa. Hizo zaulizwa katika ofisi ya wadi.

KWA NINI TAKA ZISIKAE

Nzi wa nyumbani hutaga mayai zaidi ya mia kwa mara moja, na mahali apapendapo ni taka zinazooza na mavi. Katika joto, mayai huanguliwa kwa siku moja tu. Mabuu hula ndani ya taka kwa siku chache, kisha hutambaa kutafuta udongo mkavu, wakajigeuza. Mahali penye joto, yai huweza kuwa nzi kamili kwa muda wa siku 10 hivi, au hata pungufu. Basi, hesabu ni nyepesi. Taka zikiondolewa mara mbili kwa juma, mabuu huondoka pamoja nazo kabla hawajatoka pipani. Zikikaa juma zima au zaidi, nyumba imefuga nzi wake yenyewe, na nzi hao hubeba kwa miguu yao vidudu vya kuhara damu, homa ya matumbo na kipindupindu, wakavipeleka juu ya chakula cha mtoto.

Panya nao hufuata makombo. Mwaka 1902 tauni ilizuka Nairobi, mji ulipokuwa mchanga, katika mtaa wa maduka uliosongamana na kujaa uchafu. Wakuu wa wakati huo waliuchoma moto mtaa wenyewe, na wenyeji wakapoteza nyumba na biashara zao.

Hata taka zisizooza zina hatari. Mkebe, gurudumu kuukuu au kifuu cha nazi kikishika maji ya mvua, mbu aumaye mchana hutaga humo. Mbu huyo ndiye aletaye homa ya dengi na chikungunya, maradhi yaliyowasumbua watu wa Mombasa kwa nyakati mbalimbali, dengi mwaka 2013 na chikungunya mwaka 2018.

VYOMBO VIWILI NA KISANDUKU KIMOJA

Mwenye nyumba hahitaji fedha nyingi. Ndoo mbili kuukuu zatosha, lakini ile ya taka zinazooza sharti iwe na kifuniko.

Ndoo ya kwanza ni ya taka zinazooza: maganda ya viazi na ndizi, mabua ya sukuma wiki, makombo ya ugali, majani ya chai. Katika taka za nyumba zetu nyingi, fungu hili huwa zaidi ya nusu. Yafaa kutumia ndoo tupu na kuiosha kila inapomwagwa; anayependa kutia mfuko ndani na atumie mfuko wa namna inayooza yenyewe, kama NEMA ilivyoagiza Aprili 2024.

Ndoo ya pili ni ya taka kavu: karatasi, chupa, mikebe, plastiki. Chupa za maziwa na za mafuta zisuuzwe kwanza. Vitu hivi vina wanunuzi, lakini karatasi iliyoloa mchuzi hainunuliwi na mtu. Hapo ndipo faida ya kutenga inapoonekana wazi.

Kisanduku ni cha vitu vya hatari: mawe ya tochi yaliyokwisha, balbu zilizovunjika, wembe, sindano na dawa zilizopita wakati. Kiwekwe juu, mbali na watoto. Sindano zitiwe katika chupa ngumu yenye kizibo, zirudishwe pamoja na dawa katika zahanati au duka la dawa linalozipokea. Zisitupwe chooni wala pipani, kwa maana mchukua taka hutia mkono humo.

MTU WA MJINI NA MCHUKUZI WAKE

Katika mitaa mingi wachukuzi ni makampuni au vikundi vya vijana. Kabla ya kulipa, mwenye nyumba aulize mambo matatu: Leseni iko wapi? Utakuja siku zipi? Na taka unazipeleka wapi? Mchukuzi wa bei rahisi amwagaye taka mtoni usiku hakumwondolea mtu taka. Amezirudisha kwa njia ya maji na maradhi.

Ikiwa mchukuzi achanganya tena yale ambayo wewe umeyatenga, usikate tamaa ukaacha kutenga. Wapangaji wa jengo moja wakizungumza naye kwa pamoja, watasikilizwa zaidi ya mtu mmoja. Asiposikia, wapeleke habari kwa ofisa wa mazingira wa Kaunti, na watafute mchukuzi mwingine.

MTU WA SHAMBANI

Shambani hakuna gari la taka, lakini hakuna haja ya kulingojea kwa taka zinazooza. Zile zifaazo hupewa mifugo, na zilizosalia hufanywa mboji. Chagua mahali penye kivuli. Panga tabaka la taka mbichi, kisha majani makavu, kisha udongo kidogo na samadi, unyunyize maji. Rudia hivyo mpaka chungu kifike kimo cha mita 1, na upana kama huo. Usitie nyama, mifupa wala mafuta, maana huita mbwa na panya.

Chomeka kijiti kirefu mpaka katikati. Baada ya siku chache kichomoe ukiguse: kikiwa cha moto, kazi yaendelea, kikiwa baridi na kikavu, ongeza maji. Geuza chungu kila baada ya majuma mawili. Kwa muda wa miezi 3 hivi utakuwa na mbolea nyeusi isiyonuka, nawe hukutoa hata senti moja.

Taka kavu zisizouzika zizikwe katika shimo lililo mbali na kisima au kijito, si chini ya mita 30, tena upande wa mteremko ulio chini ya maji hayo. Fukia kwa udongo kila unapotupa. Plastiki isiachwe malishoni, kwa sababu ng'ombe huimeza, nayo hubaki tumboni bila kusagika.

USICHOME TAKA

Wengi hudhani kuchoma ni usafi. Plastiki ichomwapo katika moto mdogo wa uani hutoa moshi wenye sumu, nao huingia vifuani mwa watoto na majirani. Majivu yake pia hayafai kutiwa katika bustani ya mboga.

TAKA HUENDA WAPI ZISIPOTENGWA

Jaa la Dandora, mjini Nairobi, lilianza miaka ya 1970 katika machimbo ya mawe kando ya Mto Nairobi. Mwaka 2001 lilitangazwa kuwa limejaa, lakini magari yaliendelea kumwaga taka huko kwa miaka mingi baadaye. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa taarifa ya uchunguzi uliofanywa kwa watoto 328 waishio na kusoma karibu na jaa hilo. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kipimo kinachokubaliwa. Watoto hao hawakuzitupa taka hizo. Zilitoka katika nyumba, maduka na viwanda vya mji mzima, zikiwa zimechanganywa, maganda ya ndizi na mawe ya tochi katika rundo moja.

Basi, mtu asemapo kwamba ndoo yake moja haiwezi kubadili kitu, na afikiri kwamba rundo la Dandora lote lilitoka katika ndoo moja moja.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Sheria ya mwaka 2022 yaagiza taka zitengwe mafungu gani mawili?
2. Kwa nini yafaa taka zinazooza ziondolewe mara mbili kwa juma?
3. Taja mambo matatu ya kumwuliza mchukuzi wa taka.
4. Utajuaje kwamba chungu cha mboji kinafanya kazi?
5. Shimo la taka liwe umbali gani kutoka kisimani, na upande gani?

Msomaji anayeweza kuyajibu yote na awafundishe wa nyumbani mwake jioni ya leo, na kesho asubuhi aweke ndoo ya pili jikoni.