Rangi Mpya kwenye Kidhibiti cha USB: Anza na Rezista

PowerMate ya kampuni ya Griffin ni kirungu cha chuma kinachochomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Ukikizungusha, sauti inapanda au kushuka, au video inasonga mbele na kurudi nyuma. Ukikibonyeza kinatoa amri nyingine. Kwenye kitako chake inawaka taa ya LED ya buluu. Mchana inapendeza. Usiku, unapohariri filamu chumba kikiwa giza, buluu ile inachoma macho, ndiyo maana wapo wanaotaka kuibadilisha iwe nyekundu.

Kabla hujashika bisibisi, jaribu programu. Mwanga wa PowerMate unaamriwa na kompyuta: unaweza kupunguzwa, kuzimwa, au kufanywa upwite polepole kama mtu anayepumua. Kama kero yako ni ukali tu, kazi imeishia hapo. Rangi ndiyo inayodai kufungua kifaa, iwe hiki au kidhibiti kingine chochote kidogo cha USB.

Na hapo ndipo wengi wanapounguza vitu, kwa kusahau kwamba kila rangi ya LED ina volti yake. Buluu na nyeupe hutaka volti 3 na kitu. Nyekundu inatosheka na 2 hivi. USB inatoa volti 5, na zinazobaki hubebwa na rezista iliyofungwa mstari mmoja na taa. Tuseme rezista ni ya omu 100. Buluu ikichukua volti 3.2, zinabaki 1.8, gawa kwa 100, unapata miliampea 18. Hapo ni salama, kwa kuwa LED nyingi ndogo zimetengenezwa kubeba 20. Sasa toa buluu, weka nyekundu, rezista iache ile ile. Zinabaki volti 3, na mkondo unafika miliampea 30. Taa itawaka vizuri sana, nawe utafunga kifuniko ukiwa umeridhika, kumbe inachemka taratibu, na chipu inayoiendesha huenda nayo inabebeshwa mzigo usio wake. Weka rezista ya omu 330. Mkondo utashuka hadi miliampea 9, na kwa taa ya mezani usiku hizo zinatosha kabisa.

Kinyume chake kipo pia. Baadhi ya vidhibiti hulisha taa kwa volti 3.3. Humo ukitoa nyekundu na kuweka buluu, itafifia au isiwake kabisa. Kwa hiyo pima kwa mita kabla ya kununua chochote.

Skrubu mara nyingi zimefichwa chini ya vipande vya mpira vya kitako. Chomoa waya wa USB, fungua, kisha piga picha ya bodi kwa simu ili ukumbuke taa ilikaa upande gani. Mguu mrefu wa LED ni chanya. Ukingo uliobapa uko upande wa hasi. Zile ndogo zisizo na miguu zina alama tu, na alama hizo hazifanani kwa watengenezaji wote, hivyo zijaribu kwa mita upande wa kupima dayodi: waya mwekundu ukigusa chanya, taa inawaka kwa mbali. Mita za bei nafuu hushindwa kuwasha buluu, kwa hiyo usiitupe haraka ukidhani ni mbovu.

Risasi ya kulehemu iliyoishika taa tangu kiwandani mara nyingi huwa ngumu kuyeyuka. Ongeza tone la risasi mpya juu yake, na ile ya zamani italainika yenyewe. Usikalishe chuma cha moto zaidi ya sekunde tatu mahali pamoja, kwani shaba ya bodi ikibanduka, kuirudisha ni kazi kubwa kuliko taa yenyewe. Ukimaliza, futa kwa spiriti, na hakikisha kwa mita kuwa chanya na hasi hazijagusana. Jaribio la kwanza lifanyie kwenye habu yenye umeme wake, usiligeuze mtihani wa kompyuta yako.

Ukiona nukta moja kali badala ya mwanga ulioenea, umenunua LED angavu. Isugue kichwa kwa msasa laini hadi ipate ukungu, kabla hujafunga kifuniko.